Faiba imefika Kitale na Bungoma, sasa kazi iko kwenye kisanduku

Tarehe 30 Juni ni siku ndefu katika saiba za Kitale. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru wa mapato kwa KRA, na Wakenya wengi huingoja siku hiyo hiyo. Kufikia saa nane mchana viti vimejaa na wengine wamesimama mlangoni: mwalimu na fomu yake ya P9 iliyokunjwa mara nne, mama wa duka aliyeandika PIN yake nyuma ya risiti ya unga, kijana ambaye hajawahi kuajiriwa lakini sheria inamtaka atangaze kwamba hana alichopata.

Kisha mvua. Juni bado ni msimu wake huku Trans Nzoia, na mara nyingi hushuka alasiri na radi zake kutoka upande wa Mlima Elgon. Stima inazima, inarudi. Kompyuta zinawaka tena moja baada ya nyingine. Lakini kwenye kisanduku cheupe kilichopigiliwa ukutani, juu ya mashine ya fotokopi, taa moja ndogo imegeuka nyekundu na inapepesa.

“Mtandao umepotea,” mwenye saiba hutangaza, na foleni nzima huguna kwa pamoja.

Hakuna anayeuliza umepotelea wapi. Kati ya meza ile na pwani ya Mombasa, ambako nyaya za chini ya bahari hutua, kuna vifaa vingi vinavyopokezana ujumbe kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti, na chochote kati ya hivyo chaweza kukidondosha. Kwa miaka mingi lawama ilikuwa ya masafa: Kitale na Bungoma ziko mbali, basi. Leo masafa si kisingizio tena. Mwanga ndani ya faiba, yaani uzi wa kioo, husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya Kitale hadi Mombasa, takriban kilomita 860 kwa barabara, mwanga huimaliza kwa chini ya sehemu tano za elfu moja za sekunde. Mtandao ukienda mwendo wa kobe, yaelekea kobe mwenyewe yuko hatua chache tu kutoka kwa anayelalamika.

Enzi za mluzi na mkwaruzo

Aliyetumia intaneti ya kwanza anaikumbuka kwa masikio. Modemu ilipiga simu, ikangoja, kisha ikaanza: mluzi, mkwaruzo, mvumo kama wa nyuki waliofungiwa mkebeni. Haikuwa hitilafu. Yalikuwa mazungumzo ya modemu mbili zikipatana zitaongea kwa kasi gani.

Kompyuta haijui ila sifuri na moja. Waya wa shaba wa simu, kwa upande wake, ulitengenezwa ubebe sauti ya binadamu, yaani mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Modemu ya upande huu ilizigeuza sifuri na moja kuwa milio inayoweza kupenya mle. Ya upande wa pili ikaifasiri milio ile kuwa sifuri na moja tena. Mkalimani kila upande. Bell 103, modemu iliyotolewa Marekani mwaka 1962, ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kufikia 1998, kiwango cha V.90 kilikuwa kimefikisha biti 56,000 kwenye makaratasi. Kwa kasi hiyo picha ya megabaiti moja ilihitaji zaidi ya dakika mbili, laini ikiwa safi. Laini za mashambani hazikuwa safi.

Nchini Kenya barua pepe zilianza kusafiri mapema miaka ya 1990 kupitia kompyuta ya kituo cha mazingira cha ELCI jijini Nairobi, zikikusanywa na kutumwa kwa mafungu kwa njia ya simu. Intaneti yenyewe ilifika 1995. Shirika la Posta na Simu, KPTC, ndilo lililomiliki nyaya, na mwaka 1998 likaanzisha Jambonet, lango la taifa la kwenda ng’ambo kwa setilaiti. Mwaka uliofuata shirika likagawanywa na nyaya zikarithiwa na Telkom Kenya. Aliyekuwa Kitale au Bungoma alilipa mara mbili: ada ya kampuni ya intaneti, na dakika za simu zilizozidi kuhesabika huku ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari.

Radi nayo ilipata njia. Waya wa shaba uliotandazwa nguzoni huipitisha hadi sebuleni, na modemu iliyosahauliwa imechomekwa wakati wa mvua ilikuwa imeandikiwa kifo. Nyaya zilizoponea radi ziliangukia mikononi mwa wezi. Shaba ina bei, na nyaya za simu zilikatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu hadi Telkom ikaanza kuwapa wateja simu za mezani zisizo na waya. Shaba ya mashambani haikufufuka tena.

Kilichoijaza nafasi hiyo ni kijiti cha USB chenye kitundu cha laini ya simu. Teknolojia ya 3G ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 2000, mwanafunzi, karani wa mahakama na mhubiri wote walitembea na modemu mfukoni. Kila kampuni iliuza ya kwake ikiwa imefungwa isikubali laini ya mwenzake, na papo hapo ikazaliwa kazi mpya kando ya barabara: “Tunafungua modemu”. Wapo mafundi wa leo walioanzia kwenye bango hilo.

Waya uliofuata nyayo za reli

Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipita Eldoret, Webuye, Bungoma na Malaba. Kitale ilipewa tawi tu, lililofika 1926 ili kubeba mahindi ya walowezi. Bungoma ikawa kituo cha njiani. Kitale ikawa mwisho wa safari.

Faiba ilikuja karibu vivyo hivyo. Waya wa chini ya bahari wa TEAMS ulitua Mombasa Juni 2009, SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka uo huo, na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa ikining’inia kwenye setilaiti, na kampuni zilinunua megabiti moja kwa maelfu ya dola kila mwezi. Serikali nayo ilikuwa ikichimba mitaro ya NOFBI, mtandao wa taifa wa faiba, ambao awamu yake ya kwanza ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 4,300. Uganda haina bahari, hivyo sehemu kubwa ya intaneti yake hupitia Kenya hadi mipaka ya Malaba na Busia. Bungoma, kwa mara ya pili katika miaka mia moja, ikajikuta kando ya njia kuu.

Safari hii, hata hivyo, Kitale haikuachwa kwenye tawi. Chini ya mradi wa barabara na biashara uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, faiba ya zaidi ya kilomita 600 ilipangiwa kufuata barabara kutoka Eldoret kupitia Kitale, Kapenguria na Lodwar hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Mji uliokuwa kikomo cha reli umekuwa kituo cha njiani.

Kuwa kando ya reli, lakini, si kuwa na tiketi. Waya mkuu hautobolewi popote kama bomba la maji la kijiji. Mwanga wake huchukuliwa katika vituo maalumu vyenye mitambo, stima na ulinzi, na kutoka hapo kampuni fulani lazima iamue kwamba mtaa fulani unalipa. Ndiyo maana mkazi wa Kamukuywa au Kiminini anaweza kuona vigingi vinavyoonya kwamba faiba imezikwa hapa, akavipita kila asubuhi kwa boda boda, na bado akanunua bando za simu.

> Waya mkuu hautobolewi popote kama bomba la maji la kijiji.

Plastiki moja, kazi nne

Wateja hukiita “Wi-Fi”. Mafundi hukiita “ruta”. Kwa kweli kisanduku kile cheupe cha Kitale ni vifaa vinne vilivyokuwa vikiuzwa mbalimbali, sasa vimebanwa ndani ya plastiki moja.

Cha kwanza ni mrithi wa modemu. Badala ya milio, yeye hushughulika na mwanga: huupokea kutoka kwenye uzi wa kioo, huugeuza kuwa umeme, na hujibu kwa mwanga wa rangi nyingine ili safari mbili zisigongane ndani ya uzi mmoja. Rangi zote mbili jicho la binadamu haliwezi kuziona, na fundi mwenye akili haelekezi jicho lake huko kujaribu. Uzi huo haukutoka mjini peke yake. Kwenye nguzo fulani ya mtaa kuna kigawanyaji kidogo cha kioo, kisichotumia stima, kinachoupasua mwanga mmoja kwa nyumba 32 au zaidi. Jirani zako, kwa maneno mengine, wanakunywa kwenye mtungi mmoja nawe, na saa mbili usiku wote wana kiu.

Cha pili ni ruta yenyewe, na kazi yake inaeleweka upesi kwa yeyote aliyekulia kijijini. Zamani kijiji kizima kilitumia sanduku la posta la shule ya msingi. Barua zote zilibeba anwani moja. Mwalimu mkuu ndiye aliyejua ipi ni ya mzee gani. Ruta hufanya hivyo. Huko nje nyumba ina anwani moja tu, huku ndani kila simu na kompyuta imepewa namba yake, aghalabu inayoanza na 192.168, na ruta hukumbuka nani aliomba nini.

Cha tatu ni swichi, yale matundu manne ya nyuma yanayopokea nyaya za kompyuta. Cha nne ni redio ya Wi-Fi.

Hiki cha nne ndicho chanzo cha ugomvi mwingi. Mteja analipia Mbps 15, yaani megabiti 15 kwa sekunde, anapima chumbani anapata tatu, anapiga simu kwa hasira. Mara nyingi ruta yake imefichwa nyuma ya televisheni, au imewekwa dukani ndani ya kizimba cha vyuma, au kati yake na chumba kuna ukuta wa mawe na mlango wa chuma. Mawimbi ya redio hayapendi chuma. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi ukutani, ya 2.4 hupenya zaidi, ila yana njia tatu tu zisizoingiliana. Hesabu maduka yenye ruta katika mtaa mmoja wa Bungoma mjini, kisha ugawanye kwa tatu. Zogo lake ni kama la soko la Chwele siku ya mnada, kila mtu akipaza sauti kwa sababu mwenzake amepaza.

Na ile taa nyekundu? Inamaanisha kwamba mwanga haufiki. Huenda uzi umekunjwa kupita kiasi nyuma ya kabati, kwa kuwa mwanga hutoroka penye kona kali. Huenda vumbi limeingia kwenye kiungo. Huenda lori la miwa lililopakiwa hadi mbinguni limeuburuta waya ulioning’inia chini ya nguzo. Radi haiwezi kusafiri ndani ya kioo kama ilivyosafiri ndani ya shaba, lakini kisanduku bado kinakula stima, na radi huingia kupitia huko. Usiku wa Agosti 25, 2023, gridi ya taifa ilipozima karibu nchi nzima, faiba chini ya ardhi haikuwa na jeraha lolote. Visanduku ndivyo vilivyokufa. Tangu hapo betri ndogo za kushikilia ruta kwa saa chache zimekuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya vifaa vya umeme.

Nyuzi nane za fundi

Si kila kompyuta inategemea hewa. Katika saiba, ofisi za kaunti na maabara za vyuo kama Kitale National Polytechnic, kompyuta hufungwa kwa waya wenye nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Fundi anayejua kazi huzipanga bila kutazama: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kisha huzisukuma ndani ya kichwa cha plastiki na kukibana kwa koleo. Mlio mmoja mkavu, kazi imekwisha.

Waya huo una kikomo cha mita 100. Ukizidi hapo, ujumbe hufika umechakaa, na dawa ni kuweka swichi nyingine njiani. Kikomo kingine hakiandikwi popote: kuna nyaya za bei ya chini ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Kwa macho hazina tofauti. Ukikwaruza kwa wembe weupe hujitokeza. Nyaya hizo hukatika upesi zikikunjwa na hupoteza nguvu kwenye masafa marefu, lakini mwenye jengo aliyeambiwa apunguze gharama hatakwaruza chochote, na atakayelaumiwa miezi sita baadaye ni kampuni ya intaneti.

Hapo ndipo lawama huanza kuzunguka. Kampuni husema wajibu wake unaishia kwenye kisanduku. Mteja husema yeye alilipia intaneti, si kisanduku. Fundi wa mtaani, ambaye hana mkataba na yeyote, ndiye hubaki na koleo mkononi.

Nani atafika kwa nani kwanza

Mapambano ya kibiashara nayo yamehamia kwenye mapaa. Kampuni za faiba hutazama msongamano: mtaa kama Milimani wa Kitale, nyumba zimekaribiana na wapangaji wana mishahara, unavutia kuliko mashamba ya Endebess ambako nyumba moja na nyingine zimetenganishwa na ekari za mahindi. Huko kampuni za simu husema zina jibu: ruta ya 4G au 5G, iliyo na laini ndani, isiyohitaji mtaro wala nguzo. Safaricom ilipojaribu 5G Machi 2021, Kakamega, jirani ya Bungoma, ilikuwa kati ya miji minne ya mwanzo pamoja na Nairobi, Kisumu na Kisii. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mnara ni wa wote. Ruta ya nyumbani na simu za abiria wote walio stendini hugawana uwezo ule ule.

Kati yao wapo wadogo. Juu ya jengo refu la soko utaona sahani nyeupe ya redio imeelekezwa kwa nyingine kilomita kadhaa mbele, na chini yake kijana anauza vocha za Wi-Fi za shilingi kumi au ishirini. Wengine wana leseni. Wengine wamenunua kifurushi cha nyumbani na kukigawa mtaani kinyume na mkataba wao. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, inasema, na sheria ya mawasiliano ya 1998 inaiunga mkono, kwamba huwezi kuuza huduma ya mawasiliano bila leseni. Mteja wa muuzaji asiyejulikana hana pa kulalamika data zake zikiibwa.

Hoja hiyo ni nzito. Lakini mwanafunzi wa mtaa wa Kipsongo mjini Kitale mwenye shilingi ishirini hana kampuni nyingine inayomtaka. Tangu 2021 mamlaka hiyo hiyo ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, ile inayoendeshwa na wakazi wenyewe kama TunapandaNET ya Kibera na AheriNet ya Kisumu. Kuwaingiza vijana wa sahani katika utaratibu huo kungefaa zaidi kuliko kupanda mapaa kuwakata nyaya, maana wao ndio wanaofika mtaa ambao wakubwa wamekataa kuuhesabu.

> Mwanafunzi mwenye shilingi ishirini hana kampuni nyingine inayomtaka.

Halafu kuna mbingu. Eneo hili lilishawahi kuwa uwanja wa majaribio ya ajabu. Julai 2020, Telkom Kenya na kampuni ya Loon, dada yake Google, zilirusha maputo takriban 35 yaliyoelea karibu kilomita 20 juu, yakisambaza 4G kwa kilomita mraba karibu 50,000 za magharibi na katikati ya Kenya, zikiwemo sehemu za Eldoret na Kakamega. Januari 2021 Loon ilitangaza kufunga. Hesabu haikujilipa. Ndani ya miezi michache maputo yakawa hadithi ya kuwasimulia watoto.

Setilaiti zimedumu zaidi. Za zamani hukaa kilomita 35,786 juu, na ujumbe kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Mazungumzo ya video hugeuka kupishana maneno. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti zilizo karibu kilomita 550 tu juu yetu. Mwanzoni vifaa vyake viliuzwa shilingi 89,000. Kwa bei ya shilingi 4,000 kwa gunia ambayo serikali ilitangaza msimu ule, mkulima wa Cherangani angeuza zaidi ya magunia 22 ya mahindi kabla ya kuona ukurasa mmoja. Bei ikashuka hadi chini ya nusu mwaka uliofuata, na mpango wa kukodi vifaa ukaja. Wateja waliokuwa zaidi kidogo ya 8,000 Juni 2024 walipita 19,000 kufikia Desemba.

Julai 2024 Safaricom iliiandikia CA ikitaka kampuni za setilaiti za kigeni zilazimishwe kufanya kazi kwa ubia na kampuni zenye leseni nchini, ikitaja hatari ya kuingilia masafa na ugumu wa kuzidhibiti. Wengine waliiona barua hiyo kama kilio cha aliyezoea kula peke yake. Ukweli mmoja haukataliki: Septemba mwaka huo Safaricom ilipandisha kasi ya faiba yake ya nyumbani, kifurushi cha chini kikitoka Mbps 10 hadi 15, bei ikibaki shilingi 2,999. Anayeishi Section Six mjini Kitale alifaidika na sahani ambayo hakuinunua.

Hesabu ya maabara ya shule

Kinachopotea mtandao unapopotea kimekuwa kikubwa. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya afya ya taifa iko chini ya SHA, ambayo usajili na idhini za matibabu hupitia mfumo wa mtandaoni. Hospitali isiyo na mtandao humwambia mgonjwa angoje. Mbolea ya ruzuku, ambayo mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma huitegemea, hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa na kutumiwa ujumbe wa simu. Mwanafunzi huchagua chuo katika tovuti ya KUCCPS.

Vyuo vikuu vilijitafutia njia mapema. KENET, ushirika wa mtandao wa taasisi za elimu ulioanzishwa 1999, hununua intaneti kwa jumla na kuwagawia wanachama. Chuo Kikuu cha Kibabii, kwenye barabara ya Bungoma kwenda Chwele, kinaishi katika dunia tofauti na shule ya upili iliyo jirani.

Shule za upili zilipata mgao wao kupitia Hazina ya Huduma kwa Wote, mfuko ambao kampuni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Zaidi ya shule 800 katika kaunti zote 47 ziliunganishwa kwa Mbps 5 kila moja. Kwa barua ya serikali, shule hizo “zina intaneti”. Sasa fanya hesabu ya maabara yenye kompyuta 40, wanafunzi wote wakifungua somo kwa wakati mmoja: kila kompyuta inabaki na biti 125,000 kwa sekunde. Ile modemu ya 1998, iliyopiga mluzi na mkwaruzo, iliahidi 56,000. Robo karne, nyaya kadhaa za baharini na maelfu ya kilomita za mitaro, na mtoto aliye mbele ya kompyuta amepata mara mbili na kidogo.

Serikali ya sasa iliahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, sokoni na stendini, ndani ya miaka mitano. Kilomita huhesabika kwa urahisi. Hupigwa picha na kukatiwa utepe. Mbps zinazomfikia mwanafunzi wa arobaini, na kisanduku kilichonunuliwa kwa zabuni ya bei ya chini kikapachikwa chini ya mabati yanayochemka, havina utepe.

Droo ya vijiti

Karibu kila fundi wa simu, Kanduyi hadi Kitale stendi kuu, ana droo ambayo haimfanyii biashara lakini hataki kuitupa. Ndani yake mna vijiti vya USB vya Huawei na ZTE, vyeusi na vyeupe, vingine vimepoteza vifuniko, vingine bado vina vibandiko vya kampuni iliyovifunga. Mjini hakuna anayeviulizia tena.

Wanaoviulizia hutoka juu, upande wa Kapsokwony na Cheptais, ambako mlima wenyewe ndio unaoamua laini gani itashika: bonde hili kampuni moja, tuta lile nyingine. Mteja wa huko haulizi kasi. Hutaka kijiti kilichofunguliwa, kinachokubali laini zote, na waya mrefu wa USB wa kukitundika dirishani upande unaotazama mnara. Fundi huvuta droo, huchagua kimoja, hukichomeka kwenye kompyuta yake na kungoja taa. Ikiwa kijani wanaanza kupatana bei.